Kutengeneza Rimiksi na Mwigo wa Dhihaka Bila Kuvunja Hakimiliki Uganda

Kabla hujafungua programu ya kuhariri sauti, tambua kwamba wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya mtunzi, iliyo katika maneno na melodia, na ya prodyuza, iliyo katika sauti iliyorekodiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inazilinda zote mbili, wala haidai kwamba kazi isajiliwe kwanza. Kwa hiyo anayekata sekunde chache za biti kutoka kwenye rekodi ya mwenzake anahitaji ruhusa mbili, na anayepiga kinanda upya katika studio yake mjini Arua, kisha akaimba melodia ileile kwa maneno mapya, amejiondolea moja tu, ile ya rekodi. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Kuhusu mwigo wa dhihaka, sheria yetu haiutaji kwa jina. Utetezi wako utategemea kifungu cha 15, kinachohusu matumizi ya haki, ambacho kinaiagiza mahakama itazame madhumuni ya matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi asili. Tuseme umechukua wimbo wa mapenzi unaovuma na kuugeuza uwe malalamiko ya mwendesha boda juu ya bei ya petroli. Kichekesho hicho hakisemi lolote kuhusu wimbo wenyewe. Umeuazima ili usikike, na kwa maoni yangu utetezi wako ni dhaifu. Ukimkejeli mwimbaji kwa ahadi zake za nyumba Muyenga, mtaa wa kitajiri wa Kampala, na gari jipya, basi una sababu ya kuugusa wimbo huo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizingatia tofauti hiyo mwaka 1994 katika kesi ya Campbell na Acuff-Rose. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kampala, lakini hoja yake inafaa kufuatwa. Vyovyote iwavyo, chukua kiasi kinachotosha msikilizaji autambue wimbo, usibebe kiitikio chote.

Umaarufu si ruhusa. Mavijei wanaofasiri filamu za kigeni kwa Kiganda huku wakitia vichekesho vyao wanapendwa nchini kote, ilhali tafsiri ni haki ya mwenye kazi. Tazama badala yake studio ya filamu ya Wakaliga, Kampala: katika filamu ya Who Killed Captain Alex?, sauti ya VJ Emmie iliwekwa kwa ridhaa ya watengenezaji wenyewe.

Unapoomba ruhusa, iandike: taja wimbo, sehemu utakayotumia, majukwaa utakayoiweka, muda, na mgawanyo wa mapato. Makubaliano ya WhatsApp ni afadhali kuliko ya mdomo, ila karatasi iliyotiwa saini ni bora zaidi. Usipomjua mtunzi, anza na Uganda Performing Right Society, chama kinachosimamia haki za watunzi. Nyimbo za jadi zinakupa nafasi pana zaidi, mradi usichukue rekodi iliyofanywa na mtu mwingine.

YouTube ikiifungia video yako kupitia Content ID, mfumo wake wa kutambua kazi za wengine, usijitetee kwa kusema hukupata faida wala kwamba umemtaja msanii, kwa sababu hayo peke yake hayatoshi. Eleza ulichochukua, ulichokikejeli na kwa nini ulihitaji kiasi hicho. Mdai, yaani anayesema kazi ni yake, ana siku 30 za kujibu. Ukiwa na ruhusa, ambatisha maelezo yake.