Kata neno kuanzia mkiani: Kiingereza cha wodini kwa njia ya mizizi

Kaunta buku yangu ya mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi bado ninayo. Kurasa za mwanzo ni orodha tupu: neno la Kiingereza kushoto, maana yake kulia, mistari imejaa hadi chini. Nilikuwa nazikariri usiku kwa sauti, na wiki ikiisha zaidi ya nusu yameshanitoka. Halafu ghafla orodha zinakoma na michoro inaanza. Neno moja limekaa katikati ya ukurasa, mistari imetoka pande zote kama mizizi ya mkoko. Hapo ndipo nilipoacha kukariri.

Sasa ni muuguzi wa miaka mingi, na kila mwaka kuna mdogo wangu, mtoto wa shangazi au binti wa jirani anayeanza masomo ya afya. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari akapewa Kiingereza ghafla, na chuoni anakutana na maneno yenye silabi saba. Namketisha mezani baada ya chakula cha usiku, namfundisha kukata. Nakuandikia kama ninavyowaambia wao.

Anza na lugha yako. Chukua lima. Mkulima, kilimo, ukulima, limika, limia: hakuna aliyekukalisha chini akufundishe kila moja kivyake. Sikio lako linaisikia -lim- ndani ya yote. Darasani tuliambiwa huo ni mzizi, kinachotangulia ni kiambishi awali, kinachofuata ni kiambishi tamati. Tukafanyia mtihani, tukasahau. Usisahau, maana hicho ndicho kisu chenyewe.

Kisha tazama kitabu, katibu, maktaba, mkutubi. Hapo mzizi si wetu, ni k, t na b za Kiarabu, nao umebeba habari ya kuandika. Vivyo hivyo hukumu, hakimu na mahakama. Tulichukua maneno hayo pamoja na elimu, dini na biashara. Kiingereza nacho kilichota kwa jirani zake: kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliandika tiba na sheria kwa Kilatini, na Warumi wenyewe elimu ya tiba waliipata kwa Wagiriki. Ndiyo maana neno la mtaani ni heart, lakini kwenye faili la mgonjwa unasoma cardiac. Kardia ni moyo kwa Kigiriki. Neno refu ni refu kwa sababu limeungwa, na kilichoungwa kinakatika.

Sasa kata, na uanzie mkiani. Mwanafunzi mgeni hukimbilia mwanzo wa neno akakwama. Lakini kwetu pia mkia ndio unaokwambia kumetokea nini: piga, pigwa, pigana, pigia. Wodini ni hivyo hivyo. Ukiona -itis mwishoni, kuna kiungo kimevimba, kina joto na kinauma. Hepar ni ini, hivyo hepatitis ni homa ya ini. Meninges ni utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, hivyo meningitis ni ile homa ya uti wa mgongo. Gaster ni tumbo la chakula: gastritis. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu mtaani kila maumivu ya chembe huitwa vidonda vya tumbo. Mkia unakataa. Gastritis ni ukuta wa tumbo umevimba, kidonda ni ulcer. Ukiujua mkia humwelezi mgonjwa jambo ambalo daktari hakuliandika.

Mkia ninaoupenda zaidi kufundishia ni -uria, wa mkojo, kwa sababu unafungua mlango mkubwa kwa siku moja. Poly ni nyingi: polyuria, mkojo mwingi. Oligo ni chache: oliguria, mkojo kidogo. An- ni kukosekana kabisa: anuria, mkojo hautoki. Dys- ni shida: dysuria, anaumia akikojoa. Haima ni damu: haematuria. Glykys ni tamu: glycosuria, sukari imeingia kwenye mkojo. Nox ni usiku kwa Kilatini: nocturia, anaamka usiku kukojoa. Maneno saba, na hukukariri hata moja. Zaidi ya hayo umepata vichwa vitakavyokufaa kwingine. Ile an- utaikuta kwenye anaemia, yaani bila damu, ambayo sisi kwa usahihi zaidi tunaiita upungufu wa damu. Ile dys- utaikuta kwenye dyspnoea, kupumua kwa shida.

Mikia mitatu ya chumba cha upasuaji nayo usiichanganye. Tome ni kukata. Ikiwa -otomy, daktari anapasua afungue: laparotomy ni kufungua tumbo. Ikiwa -ectomy, kuna ek ndani yake, yaani nje: anakata na kukitoa. Hysterectomy ni kutoa mji wa mimba. Ikiwa -ostomy, kuna stoma, mdomo: anatengeneza tundu, kama colostomy, ambapo utumbo mpana unafunguliwa kwenye ngozi ya tumbo. Kwa mgonjwa anayesaini fomu, tofauti ya herufi mbili ni tofauti ya maisha yake yote. Na kama ulisoma fizikia, tome hiyo hiyo imo ndani ya atomi: a- ni si, tomos ni kukatika. Wagiriki walidhani wamefika kwenye kitu kisichokatika.

Daftari lenyewe liwe hivi. Ukurasa mmoja, mzizi mmoja, na maana yake kwa Kiswahili katikati. Kwenye matawi andika maneno uliyokutana nayo wewe, na pembeni useme ulikutana nalo wapi: wodi ya wazazi, lebo ya dawa, redioni. Usitafute orodha ya mizizi mia mbili ukainakili, utarudi kulekule kwenye kumeza. Mizizi mitatu kwa wiki inatosha. Acha nafasi nyeupe kwenye ukurasa, maana tawi jingine litakuja baada ya miezi. Ukurasa wangu wa thermos, joto, ulianza na thermometer. Siku moja nikiwa namimina chai ndipo nilipogundua kuwa chupa ya chai tunayoiita themosi ni ndugu yake. Baadaye ikaja hypothermia, joto la mwili kushuka mno, kwenye somo la watoto njiti.

Kitakachokusumbua ni kwamba viungo vingi vina majina mawili, la Kigiriki na la Kilatini. Figo ni nephros na ni ren, ndiyo maana unasoma nephritis lakini renal failure. Pafu ni pneumon na ni pulmo: pneumonia, pulmonary. Ngozi ni derma na ni cutis: dermatitis, subcutaneous. Ulimi ni glossa na ni lingua: glossitis, sublingual. Mara nyingi, ingawa si kila mara, ugonjwa na upasuaji hupenda Kigiriki, na mahali mwilini hupenda Kilatini. Kwa hiyo yaandike majina mawili kwenye ukurasa mmoja, kama mtu mwenye jina la nyumbani na jina la shule. Maelekezo ya dawa yataanza kusema yenyewe: sub ni chini, intra ni ndani, vena ni mshipa. Sindano ya subcutaneous inaishia chini ya ngozi, ya intramuscular inaingia ndani ya msuli, ya intravenous inaingia kwenye mshipa.

Hyper na hypo nazitengea jioni nzima. Ya kwanza ni juu, kupita kiasi. Ya pili ni chini, pungufu. Nikiwa mwanafunzi nilipokea taarifa ya mgonjwa kwa simu, sauti inakatika, nikaandika hyperglycaemia, sukari kupita kiasi kwenye damu. Dada mkuu wa zamu akaniuliza, kipimo kimesoma ngapi? Nikapiga tena. Ilikuwa 2.4, chini mno. Mgonjwa alihitaji sukari upesi, na mimi nilikuwa nimeandika kinyume chake. Hakudhurika, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka mwisho wa zamu. Tangu siku hiyo siandiki neno hilo bila namba pembeni, nawe usiliandike. Na kwa kukumbuka, Kiswahili kinakusaidia bure: hypo hutamkwa haipo. Sukari haipo, joto haipo. Sarufi si nzuri, lakini ukiisikia hivyo hutakosea tena.

Tahajia nayo hufunguka. Wanafunzi huhangaika kuandika diarrhoea, yaani kuhara. Ikate: dia ni kupitia, na rrhoea ni kutiririka. Kipande hicho chenye r mbili na h utakikuta vilevile kwenye gonorrhoea na rhinorrhoea, mafua ya kutiririka, kwa kuwa rhis ni pua. Ukijua kukiandika mara moja umejua yote. Ph inayosomwa f, ch inayosomwa k, p isiyosikika kwenye pneumonia na psychology, zote ni alama za Kigiriki. Ukiziona, toa kisu. Na vitabu vya Marekani vikiandika anemia badala ya anaemia usishtuke, wamepunguza herufi tu.

Kutamka ni shida ya pekee kwetu. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, na tunaupeleka hukohuko kwenye Kiingereza. Lakini angalia ile o inayounganisha vipande viwili: cardi-o-logy, therm-o-meter, phot-o-graphy, lapar-o-tomy. Katika maneno ya namna hii mkazo unakaa juu ya hiyo o ya kuungia. Iseme kwa nguvu, vingine vipite haraka. Nimewaona wanafunzi wenye akili sana wakinyamaza mbele ya daktari kwa kuogopa kutamka vibaya. Hili naomba ulifanyie mazoezi kwa sauti, hata ukiwa unaosha vyombo.

Mizizi hudanganya pia. Paed- ya Kigiriki ni mtoto, kama paediatrics, lakini ped- ya Kilatini ni mguu, kama pedal ya baiskeli. Ante- ni kabla: antenatal, kliniki ya wajawazito. Anti- ni dhidi ya: antibiotic. In- mara nyingine ni si, mara nyingine ni ndani, na inflammable iliyoandikwa kwenye chupa ya spiriti maana yake inashika moto, usiisome vinginevyo. Mengine yanabeba imani za kale. Malaria ni Kitaliano, hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani inatoka kwenye mvuke wa mabwawa, hadi Ronald Ross alipomkuta kimelea ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Mzizi unakwambia watu waliwaza nini walipoliunda neno. Ukweli wa leo uutafute kitabuni. Lakini hadithi ndiyo gundi ya kumbukumbu. Vaccine inatoka kwa vacca, ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa msichana mkamuaji akamchanja mtoto wa kiume. Nikishaisimulia hiyo, hakuna anayeniuliza tena maana yake.

Kosa moja la maana linaloponywa na mizizi ni chronic. Wengi hulitafsiri kuwa kali. Chronos ni wakati, kwa hiyo chronic ni ugonjwa wa muda mrefu, ugonjwa sugu. Ule wa ghafla ni acute, kutoka acutus, yenye ncha. Kikohozi sugu kinaweza kuwa kidogo tu, na ndicho kinachompeleka mtu kupima kifua kikuu.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko mwaka wa kwanza alinitumia neno kwenye simu, cholecystectomy, bila hata salamu. Nikamjibu, anzia mkiani. Akaandika: kukata na kutoa. Nikamwambia cystis ni mfuko. Kisha chole? Nikamwachia. Baada ya robo saa akarudi: nyongo, dada, kutoa mfuko wa nyongo. Na akaongeza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza nikiwa na umri wake: kama melas ni nyeusi, kama kwenye melanin ya ngozi, basi melancholy, ile huzuni isiyoisha, ni nyongo nyeusi? Ndiyo. Madaktari wa Ugiriki ya kale waliamini huzuni hiyo inaletwa na nyongo nyeusi mwilini. Akanijibu kwamba hata sisi mambo yakiharibika husema yametumbukia nyongo, na kwamba anaenda kufungua ukurasa mpya.