Binti akikamatwa kwa "ukahaba" hapa Unguja: fanya hivi

Chukua daftari na kalamu kabla hujavaa buibui. Usiku ule mtu anasema mengi, na asubuhi kila mmoja anakuja na yake. Andika saa aliyokamatwa, pahala hasa, nani alimkamata, alikuwa akifanya nini, na maneno aliyoambiwa wakati ule. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika shehia moja ya Ng'ambo, na kesi nilizoziona zikianguka ziliangukia kwenye mambo haya madogo.

Ukifika kituoni salimu kwa heshima, kisha uliza: "Afande, anashikiliwa kwa kifungu gani cha sheria gani?" Usiulize amefanya nini. Utajibiwa, "Mama, kazi zake mnazijua wenyewe." Hilo si kosa la jinai, hiyo ni sifa ya mtaani.

Hakikisha mnazungumzia sheria moja. Jamaa wengi hunijia na karatasi za Sura ya 16 walizozitoa kwenye intaneti. Hiyo ni Kanuni ya Adhabu ya Bara. Kwetu makosa ya jinai yamo katika Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Ni rahisi kuchanganya, kwa sababu polisi ni wa Muungano, lakini anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar na kesi inasikilizwa na mahakama za Zanzibar. Kadhi hahusiki. Hatia ya dini na kosa la jinai msiziunganishe, hata kama babu yake amekasirika.

Sasa soma kifungu chenyewe neno kwa neno, taratibu. Kinamtaja nani? Kinataja pahala gani? Kinataka kitendo gani kithibitishwe? Kuendesha danguro ni kosa mbali. Kuishi kwa fedha za mwanamke anayeuza mwili ni mbali. Kufanya vitendo vya aibu hadharani nako ni mbali. Ukiona hati ya mashtaka inazungumzia danguro, na binti alikamatwa amesimama barabarani akingoja daladala, hapo pana la kusema.

Maneno mengi ya vifungu vya uzururaji tuliyorithi yana mizizi Uingereza, katika sheria ya wazururaji ya mwaka 1824, iliyomweka "kahaba" fungu moja na watu wavivu wasio na adabu. Ndiyo maana hadi leo anakamatwa mtu kwa alivyo kabla ya kuulizwa alichofanya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Disemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika, na nchi zizirekebishe. Maoni hayo hayamfungulii mtu mlango wa mahabusu, lakini wakili ayajue.

Mwaka mmoja nilimfuata mtoto wa jirani yangu, mhudumu wa mkahawa huko kaskazini. Alichukuliwa saa tano usiku mlangoni pa baa, yeye na wenzake wanne. Wanaume waliokuwa nao waliachwa wakinywa. Ushahidi ulikuwa nguo yake na kondomu mbili ndani ya mkoba. Kubeba kondomu si kosa! Nilipofika alikuwa ameshashauriwa: "Kubali tu, ulipe faini, uende zako."

Hapa ndipo ninapowasihi. Asikubali kosa ambalo hakulitenda ili alale nyumbani. Akisema "ni kweli" mbele ya hakimu, hakuna shahidi atakayeulizwa chochote, na sheria iliyoandikwa vibaya inapita bila ya kupimwa. Aombe dhamana. Dhamana hailipiwi, mdhamini aende na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha. Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ipo kwa ajili yenu. Nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar au kwa wanasheria wanawake wa ZAFELA.

Umri wake uulizwe mapema. Akiwa chini ya miaka 18 huyo ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2011, na anayetafutwa ni mtu mzima aliyemtumia. Mpelekeni Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwasaidia waliodhalilishwa, kilichopo hospitali ya Mnazi Mmoja. Na kama aliletwa kutoka Bara kwa ahadi ya kazi ya ndani kisha akanyang'anywa simu na vitambulisho, semeni wazi neno usafirishaji haramu wa binadamu. Sheria yake ya 2008 inafika mpaka huku.

Kesi ikifutwa, ombeni nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo, yenye muhuri. Waajiri wa mahoteli huuliza habari za polisi, na yule binti wa jirani aliulizwa miezi minne baadaye. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.