Kutoa vizibo vya zebaki kwenye meno kwa usalama, na nani analipa

Vile vizibo vya rangi ya fedha kwenye magego vinaitwa amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Watu wakisikia ivo wanataka vyote vitoke kesho. Naomba mtulie kwanza. Kizibo kizima kinatoa mvuke kidogo sana, ila kikichongwa ndo mvuke unapanda, kwa iyo kikitolewa ovyo unaweza kuvuta zebaki nyingi kuliko ungekiacha. Hata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2020, ilipotaja wasiofaa kuwekewa amalgamu (wajawazito, wanaonyonyesha, watoto hasa chini ya miaka 6, wenye figo mbovu au magonjwa ya neva), ilisema pia vilivyo vizima visitolewe bila sababu ya kitabibu. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuiweka tangu Januari 2025, isipokuwa daktari akiona ni lazima kwa mgonjwa, lakini haujaagiza watu wakang'oe walizonazo.

Hatua ya 1. Jua kama kinahitaji kutoka. Pigwa eksirei, uliza kama kimepasuka, kimeachia pembeni, jino linaoza chini yake, au una mzio. Kama hakuna hata kimoja, mi nakushauri ukiache.

Hatua ya 2. Muulize daktari kabla ya kuweka miadi: mnaweka shiti ya mpira mdomoni, ile inayotenga jino na mdomo? Mna pampu ya kufyonza yenye nguvu, sio ile ya mate tu? Maji machafu yanapita kwenye kitenganishi cha amalgamu (kifaa kinachonasa vipande vyake) au yanaenda moja kwa moja kwenye bomba? Asiyetaka kujibu maswali haya, tafuta mwingine.

Hatua ya 3, hela, na hapa ndo watu wengi wanaumia. Omba makadirio kwa maandishi, jino kwa jino: uchunguzi, eksirei, kutoa, kuziba upya, na vifaa vya kinga, maana kuna kliniki wanavitoza pembeni na unakuja kushtuka ukiwa kaunta. Alafu peleka makadirio kwa bima uombe kibali KABLA ya kazi. Bima nyingi zinalipa jino likiwa bovu, ukisema unataka tu kutoa zebaki wanakataa, kwa iyo daktari aandike tatizo lenyewe la jino kama lipo kweli, kudanganya usijaribu. Angalia pia kama kwenye magego wanalipa kiwango cha amalgamu tu, ukitaka kizibo cheupe cha rangi ya jino, tofauti ya bei unaongeza mwenyewe. Kama bima ina kikomo cha mwaka, gawa kazi, nyingine ifanyike mwaka huu nyingine ujao. Huna bima? Uliza malipo kwa awamu, au nenda kliniki za vyuo vya udaktari wa meno, wanafunzi wanasimamiwa, bei huwa nafuu ila utakaa muda mrefu kitini. Kukopa ili utoe vizibo vizima, hapana jamani.

Hatua ya 4, siku yenyewe. Shiti ya mpira, pampu karibu na jino, maji mengi yakimwagika muda wote, na kizibo kikatwe vipande vikubwa badala ya kusagwa chote. Wengine wanakupa hewa safi puani na kukufunika macho. Ikiisha sukutua vizuri, utema.

Ganzi ikiisha jino linaweza kuguswa na baridi kwa siku au wiki kadhaa, kawaida. Ukiamshwa na maumivu usiku au ukiuma jino linatangulia kugusa, rudi.

MASWALI

Ninavyo sita, nimalize vyote siku moja?
Sikushauri mkuu. Anza na vibovu, upande mmoja kwa wakati, ubaki na upande wa kutafunia.

Nimeambiwa ninunue dawa za kuondoa zebaki mwilini, ni kweli?
Usinunue. Dawa za kweli za kutoa metali zinatolewa hospitali kwa aliyepimwa akakutwa na sumu, na zina madhara yake. Zebaki kwenye mkojo inaweza kupanda kidogo baada ya kutoa kizibo kisha inashuka yenyewe.

Dada samahani, nina mimba ya miezi minne, kizibo kimekatika na kipande nimekimeza, naogopa sana.
Pole mama. Kipande kigumu ukimeza tumbo halinyonyi zebaki yake kwa kiasi cha maana, kitatoka chooni. Mpigie daktari leo umwambie una mimba, anaweza kukufunika jino kwa muda bila kuchonga kilichobaki, na kazi kubwa ikasubiri ujifungue na umalize kunyonyesha.

Bima wamekataa na jino limepasuka kabisa, nifanyeje?
Dai sababu ya kukataa kwa maandishi. Alafu daktari atume picha ya jino, eksirei na maelezo yake, ukate rufaa ndani ya muda waliotaja kwenye barua. Wakati unasubiri omba uwekewe kizibo cha muda, usiache jino wazi.