Kupiga picha ndani ya Soko Kuu la Iringa: tafuta mwanga, kisha kaa

Ukiingia Soko Kuu kutoka kwenye jua la saa nne asubuhi, kwa muda huoni kitu. Macho yako yatazoea, kamera haizoei. Ndiyo maana picha nyingi za sokoni ninazoonyeshwa ni za aina mbili: giza lenye meno meupe, au sura iliyotoka vizuri huku mlango nyuma yake umeungua wote kwa mwanga. Hilo tutalitatua. Kuna tatizo la pili ambalo halimo kwenye kamera kabisa, nalo nitalikalia zaidi: mama wa dagaa anapokuuliza, "Hiyo picha ni ya nini?"

Hatua ya 1: Siku ya kwanza usipige

Acha kamera nyumbani, beba kikapu. Zunguka asubuhi, mchana na jioni, uangalie sakafu, siyo watu. Chini ya paa la bati mwanga hauenei, unadondoka kwenye mapengo na kuingilia milangoni. Doa la mwanga lililo kwenye viazi saa nne litakuwa limehamia njiani saa tano. Andika: doa liko wapi, saa ngapi, nani anakaa jirani.

Kalenda nayo ina maneno yake. Huku kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi, kwenye saa sita na nusu mchana hivi. Siku hizo mwanga hushuka wima kama nguzo. Mbeya tofauti yake ni siku chache tu. Juni na Julai jua limeegemea kaskazini, mwanga unaingia kwa mshazari na kufika ndani zaidi. Mimi napenda Oktoba: mvua bado, vumbi tele, na anayepepeta maharage anakutengenezea moshi bila kujua. Nguzo ya mwanga haionekani bila kitu cha kuishika, na vumbi la maharage linaishika vizuri kuliko chochote.

Hatua ya 2: Panga kamera kabla hujafika

Kwenye kivuli cha ndani anza na ISO 1600 (wepesi wa sensa kwa mwanga), f/2.8 (tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), kasi ya shata 1/250 ya sekunde. Lenzi yako ikiishia f/4, panda hadi ISO 3200. Usiogope chenga, zile punje za ISO kubwa. Picha yenye chenga inasomeka, iliyotikisika haisomeki.

Ndani ya doa la jua ni ulimwengu mwingine: ISO 400, f/8, 1/1600. Usiiachie kamera iamue, maana itaona giza lililozunguka na kulifungulia, na sura iliyo kwenye jua itageuka karatasi nyeupe. Weka mgongo wa mkono wako ndani ya doa, pima mwanga hapo peke yake, kisha punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Ngozi nyeusi inatakiwa itoke nyeusi yenye uhai, siyo kijivu.

Mwenye simu: gusa sehemu yenye mwanga, shikilia kidole mpaka ijifunge, halafu shusha alama ya jua. Basi. Nusu ya picha zangu ninazozipenda ni za simu.

Hatua ya 3: Kaa mahali pamoja

Wageni hutembea wakiwinda. Sokoni anayetembea na kamera anaonekana kama askari wa mgambo, kila mtu anafuatilia anakwenda kwa nani. Chagua doa moja la mwanga, lenye giza nyuma yake, usimame pembeni ambapo hutazuia wabeba mizigo. Ukisikia "Pisha, mzigo!" pisha kweli, mwenye gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni mgongoni hana breki.

Halafu subiri. Atapita mwenye matenga ya nyanya za Ilula, atapita mtoto wa shule, atapita mzee wa koti. Wengi hawatakanyaga doa lako. Dakika arobaini kwa picha moja ni bei ya kawaida.

Hapa fokasi ya otomatiki hukuangusha, maana huhangaika gizani. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya sensa kubwa, weka f/8, funga fokasi kwenye mita 3, na kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi 7 kitatoka makini. Kwenye doa la jua f/8 haikugharimu kitu. Kivulini itakudai ISO 12800, kwa hiyo huko rudi kwenye f/2.8 na ulenge jicho.

Hatua ya 4: Salamu, kabla ya kamera

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kwa kuiba, kamera kifuani, najifanya naangalia simu. Muuza mitumba mmoja aliniona. Nilizungukwa na watu kumi, nikafuta picha zote mbele yao, na zilikuwa mbovu vilevile. Tangu siku hiyo kamera inatoka begini baada ya salamu, pamoja na "Kamwene", salamu ya Kihehe.

"Shikamoo mama. Kamwene."

"Marahaba. Kamwene. Karibu viazi."

Nunua. Fungu moja la viazi au sado ya maharage, kitu utakachokula. Usitoe hela ya picha, kwani ukimlipa mmoja leo, kesho meza nzima inakusubiri imekaa mkao wa studio. Baadaye ndiyo useme: "Mama, huu mwanga unaoangukia vikapu vyako ni mzuri, naomba niupige." Sema mwanga, maana ndiyo kweli, na usikie atakavyojibu.

Mara nyingi atauliza: "Mtatuuza huko kwa wazungu?" Usicheke. Swali lake ni la haki. Mwambie picha inakwenda wapi, na kama hujui, usipige. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kama sura yake itatangaza biashara ya mtu, pata ridhaa yake kwa maandishi. Akikataa, sema asante na endelea kuwa mteja wake. Mama wa vikapu vya milulu, majani ya kusukia, alinikatalia miezi mitano, wa sita akaniita mwenyewe.

Kuna ambavyo sivipigi hata nikiruhusiwa: mtu anayehesabu pesa, mtoto asiye na mzazi karibu, mtu anayedaiwa anapogombezwa. Askari na ofisi zao weka kando kabisa. Na kabla ya yote, pita ofisi ya soko ujitambulishe.

Hatua ya 5: Rangi

Turubai la bluu juu ya meza litampaka mtu bluu usoni, na jekundu litaivisha nyanya ambazo hazijaiva. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, urekebishe baadaye, au mwombe asogee hatua moja kuelekea mlangoni. Kwenye taa, umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde na kukuachia michirizi kwenye picha. Shata ya 1/100 au 1/50 huiondoa, ila itafaa kwa aliyekaa tu.

Nikishindwa na rangi nageuza nyeusi na nyeupe. Ni ukwepaji, nakubali.

Hatua ya 6: Rudisha picha

Safisha picha za karatasi za inchi 4 kwa 6 na uzipeleke ndani ya wiki mbili, kabla hawajakusahau. Peleka mbili kwa kila mtu: uliyoipenda wewe, na ile aliyotaka yeye, amesimama wima, kitenge kimenyooshwa, mikono ubavuni, anatazama kamera bila kutabasamu. Hiyo ya pili ipige kila mara hata kama mwanga ni mbovu.

Mama wa viazi nilimpelekea zote. Ya kusimama ameibandika nyuma ya mizani. Yangu, yenye nguzo ya mwanga na vumbi na nusu ya uso wake gizani, aliigeuza mara mbili, akaniuliza kama umeme ulikatika, kisha akaifunikia sado ya karanga.