Namna ya kuizuia jumuiya isigeuke kikao cha michango

Daftari la mhazini ndilo linaloua jumuiya nyingi. Sala ya kufungua inachukua dakika mbili, somo linasomwa mbiombio, kisha muda wote uliobaki unakwenda kwenye ujenzi wa kanisa, rambirambi, ahadi za mavuno na nani bado hajalipa. Miezi sita baadaye vijana hawaonekani, na asiye na hela anaona aibu kufika. Michango ina mahali pake. Ila ikiwekwa mbele au katikati, Neno halina pa kukaa.

Chukulieni jumuiya inayokutana Jumamosi saa 12:30 asubuhi, watu wakiwa na safari ya kazini au sokoni. Saa moja inatosha, mradi mtu mmoja ashike saa, naye asiwe yule anayeongoza ibada.

Nyimbo ziwe mbili, zile ambazo hata mgeni anazijua, zisizidi dakika nane. Pambio la kurudiarudia liwekeni siku ya mkesha. Asubuhi linakula robo saa kwa sababu hakuna anayejua ni nani wa kulikata.

Somo lisizidi mistari 15. Mkisoma sura nzima, kila mtu anashika jambo lake na mazungumzo yanatawanyika. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wana kalenda ya masomo, basi someni Injili ya Jumapili inayofuata ili watu wafike kanisani wakiwa wameshaitafuna. Msio na kalenda, anzeni na Marko: sura 16, na kwa mistari 15 kwa wiki mtaimaliza katika wiki 45 hivi. Somo lisomwe mara mbili na wasomaji wawili. Kwa kuwa wengine wanashika Union Version ya 1952 na wengine Habari Njema, usomaji wa kwanza uwe wa tafsiri moja na wa pili wa nyingine. Hapo hakuna atakayemkatiza msomaji kwamba "kwangu haikuandikwa hivyo". Mtoto anayejua kusoma apewe zamu. Wanaosoma kwenye simu wazime data.

Kwa kinachofuata, njia iliyokwisha kupimwa ni Hatua Saba za Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya ndogondogo za Kikatoliki za Afrika Mashariki zimeizoea na hata Waprotestanti wanaweza kuitumia bila shida: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno au sentensi iliyomgusa mtu, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kuomba. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya kimya. Dakika tatu za kimya zinaonekana ndefu mno, na baada ya nusu dakika mtu ataanzisha wimbo. Kiongozi aseme mapema, "Tutakaa kimya dakika tatu, nitawaambia zikiisha," na watu watatulia.

Hatua ya kushirikishana ndiyo inayoharibika kuliko zote, kwa sababu inageuka mahubiri. Wekeni masharti matatu na myaseme kila wiki: kila mtu azungumze kuhusu maisha yake mwenyewe, asivuke dakika mbili, na asimjibu wala kumsahihisha aliyetangulia. Anayeanza kusema "ninyi vijana wa siku hizi" arudishwe kwa upole. Mzee wa kanisa au katekista azungumze wa mwisho. Akianza yeye, wote watakubaliana naye na hamtasikia jingine.

Hatua ya sita, ya kupanga kazi, inahitaji ukali kidogo. "Tuwakumbuke wagonjwa" si kazi. Hakuna anayejua aifanye lini. Kazi ina majina ya watu wawili, nyumba wanayokwenda na siku. Katibu aiandike, na Jumamosi inayofuata taarifa yake itangulie tangazo lolote.

Baada ya maombi ya kuhitimisha ibada, ndipo mhazini asimame, dakika tano. Matangazo marefu yatumwe kwenye kundi la WhatsApp, na asiye na simu jirani yake ampelekee. Majina ya wasiolipa yasisomwe mbele ya watu. Mhazini amfuate mtu pembeni. Fedha zihesabiwe na watu wawili na risiti itolewe papo hapo. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma ili michango isianze kukusanywa atakapofika (1 Wakorintho 16:2), na utaratibu huo unaokoa muda hadi leo. Wazee wakiupinga mpangilio huu mpya, ombeni ujaribiwe kwa Jumamosi nne tu. Mhazini akiona mfuko haujapungua, hoja imekwisha.

Ibada ya namna hii isipotoka nje ya ua, inadumaa. Kila mwanajumuiya aandike majina matatu ya jirani au ndugu asiyemjua Kristo au aliyeacha kusali, awaombee kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kuwatembelea.

Nendeni wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wale wanafunzi katika Luka 10. Wanaume wawili wasiende kwa mwanamke anayeishi peke yake. Mwanamke mmoja awe kati yao. Epukeni saa ya chakula cha mchana, na kwa jirani Mwislamu epukeni saa ya magharibi na jioni za Ramadhani. Pigeni hodi, wazee waamkieni shikamoo, na "Bwana Yesu asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo" iacheni kwa wanaojua kuiitikia. Ulizeni habari za nyumbani na msikilize kweli. Dakika 20 zinatosha. Mtu akiwa radhi, msimulieni kisa kimoja cha Injili, labda Zakayo au mwanamke wa kisimani, kisha mmoja wenu atoe ushuhuda wake wa dakika tatu: alivyokuwa, alivyokutana na Kristo, anavyoishi sasa. Kosa la kawaida ni kutumia dakika mbili na nusu kwenye dhambi za zamani, na Kristo akaja kama kiambatanisho.

Msiikashifu dini ya mtu. Petro anataka tujibu kwa upole (1 Petro 3:15). Msiahidi kazi, ndoa wala uponyaji. Na kamwe msimwambie mgonjwa aache dawa, ziwe za presha, kisukari au ARV. Mwombeeni na mmsisitize aendelee na kliniki. Msipige picha.

Akikubali kufuatiliwa, rudini ndani ya siku tatu mkiwa na kijitabu cha Injili, kinachouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya Chama cha Biblia. Someni naye sura moja kwa wiki nyumbani kwake kabla ya kumwita kwenye jumuiya, kisha mmtambulishe kwa mchungaji au katekista aanze darasa la ubatizo. Atakapofika jumuiyani kwa mara ya kwanza, mhazini asimwandike kwenye orodha ya ahadi mpaka miezi mitatu ipite.