Namna ya kulifuata neno hadi kwao: daftari langu la "kaka"

Juma langu la kwanza kazini, jikoni kwenye nyumba ya wazee hapa Göteborg, Uswidi, bibi mmoja alinisogezea sahani akaniuliza, "Kaka?" Nikaitika, "Naam, bibi!" kwa adabu zote za Chumbageni, mtaa wetu kule Tanga, nikasimama kungoja nitumwe. Akacheka, akanitilia biskuti mkononi. Kwa Kiswidi kaka ni biskuti, au keki. Kabla ya zamu kwisha, mwenzangu Mkurdi akaniita kutoka kwenye sinki: "Kaka, lete sufuria." Huyu alikuwa na maana ileile ya kwetu Tanga. Jioni nikapita dukani kununua daftari.

Tangu hapo nafuatilia maneno, na wenzangu huniuliza nafanyaje. Shahada haihitajiki. Unahitaji daftari, maktaba yenye kamusi nene, na moyo wa kutoliamini sikio lako haraka.

Anza na la kwenu. Kabla hujakimbilia Uswidi, fungua kamusi ya Kiswahili. Utakuta kaka zaidi ya mmoja. Yuko kaka wa kuzaliwa naye, na liko kaka la yai, yaani ganda tupu lililobaki baada ya kifaranga kutoka au mpishi kumaliza kazi. Halafu yupo kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira. Kila maana ipe ukurasa wake. Mimi nilizichanganya mwanzoni, nikajikuta nalinganisha biskuti ya Kiswidi na ganda la yai, eti vyote viko jikoni.

Lisikie mdomoni mwa mwenye nalo. Herufi zinadanganya. Mswidi huivuta a ya kwanza hadi masikioni mwangu inakaribia o. Mfini anatofautisha maneno kwa kubana k na kubadili irabu ya mwisho: kakku ni keki, kakka ni kinyesi kwa lugha ya watoto. Agiza ya kwanza kwa uangalifu. Wamaori wa New Zealand wana kākā, na vile vistari vya juu si mapambo, ni irabu ndefu. Huyo ni kasuku. Ukiongeza pō, yaani usiku, unapata kākāpō, kasuku wa usiku. Ukiandika "kaka" tupu kwa wote hawa, umeshaharibu kazi kabla ya kuianza.

Andika sentensi nzima, si neno peke yake. Jirani yangu ametoka Kinshasa. Nilimsikia akisema "moko kaka" nikadhani anamhesabu kaka mmoja. Kumbe kwa Kilingala kaka ni "tu": moja tu. Halitaji mtu wala kitu, linafanya kazi ya kubana maana. Neno la namna hiyo usiliweke mezani na jina la ndugu kwa sababu tu yanafanana sura. Mkongomani mwenye Kiswahili na Kilingala hutumia yote mawili kutwa nzima bila kujikwaa.

Tafuta ndugu zake wa karibu. Hapa ndipo pana utamu, nami hukaa hapa kuliko popote. Neno la asili mara nyingi huwa na ndugu katika lugha za jirani, na hao ndugu hutofautiana kwa utaratibu, si ovyo. Waaislandi husema kaka kama Waswidi. Wadeni husema kage, Waholanzi koek, Wajerumani Kuchen. Angalia konsonanti ya katikati: k, g, ch. Inabadilika, lakini inabadilika kwa mtindo unaoukuta kwenye maneno mengine pia ya lugha hizo. Ukiuona mtindo huo, umeshika damu moja.

Sasa subiri. Waviking, mabaharia wa kale wa huku Skandinavia, walipovuka kwenda kukaa Uingereza, lugha yao ya kale iliacha maneno mengi kule, na mojawapo ni hilo hilo kaka. Waingereza wakalikata mkia, wakasema cake. Wakaja nalo pwani yetu, nasi tukalifunga irabu mwishoni kama kawaida yetu: keki. Kwa hiyo bibi wa Göteborg aliponipa kaka, alinipa mzee wa keki yetu ya harusini. Siku nilipoligundua hilo nilimpigia simu dada yangu Tanga. Akaniuliza kama nimekula.

Jihadhari na mtego mmoja hapa. Zamani wasomi walidhani cake imetoka kwenye coquere, "kupika" kwa Kilatini. Inaingia akilini: keki hupikwa. Lakini maana kuingia akilini si ushahidi. Zile sauti zinazolingana ndizo zilizolitoa neno hilo Roma na kulirudisha kaskazini.

Uliza nani alilibeba. Neno la mkopo halina damu, lina safari. Sharti uoneshe mtu, chombo na njia. Mkurdi wangu husema kaka kwa kaka mkubwa, na hata kwa mwanamume yeyote wa kuheshimiwa, sawasawa na sisi. Watu wa Shiraz, Uajemi, nao huita kaka. Waafghani wanaosema Kidari, yaani Kiajemi cha kwao, wamelipeleka kwa baba mdogo, na Wagujarati vilevile: kaka kwao ni ndugu wa baba. Ukiitazama ramani, unaona bahari moja, na pepo za kaskazi zilizoleta majahazi karne kwa karne. Tena kwenye shehena ile ile kuna bandari, kuna serikali, kuna bibi, yote ya Kiajemi. Ndiyo maana mimi naegemea upande wa Uajemi kwa kaka wetu. Asingekuwa na wenzake safarini, ningesita.

Na nasita kidogo hata hivyo, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Chuja vinywa vya watoto. Mtoto anayeanza kusema hurudia silabi nyepesi: ma-ma, ba-ba, da-da, ka-ka. Wazazi husikia wanachotaka, wakakigeuza neno. Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika juu ya hili kwa upande wa mama na papa. Hivyo majina ya jamaa ndiyo yanayofanana kuliko yote duniani, na kwa sababu hiyo hiyo ushahidi wake ni hafifu. Na si jamaa tu. Mhispania husema caca kwa kinyesi, Mfini kakka, na Kifini si cha ukoo wa Kihispania hata kidogo. Mchile wetu wa kufua nguo, mwenye Kihispania chake, hadi leo hachukui kaka ya bibi bila kutabasamu.

Mfano ninaoupenda ni wa mpira. Yule Mbrazili aliyetwaa Ballon d'Or mwaka 2007 akiwa AC Milan jina lake ni Ricardo. Mdogo wake Rodrigo alipokuwa mchanga alishindwa kulitamka, likatoka Caca, baadaye Kaká. Mdogo mtu anamwita mkubwa wake kaka, utadhani wamelelewa Ngamiani, Tanga! Maana ni ile ile, sauti karibu ile ile, na uhusiano na Kiswahili hakuna. Wao hukaza silabi ya mwisho, sisi tunakaza ya kabla yake. Kila ninapotaka kushangilia mfanano mapema, hurudi kwenye ukurasa wa Kaká.

Gawa kwenye bahasha. Ninazo nne: ndugu, mkopo, sadfa, na hadithi. Ya ndugu ina kage na Kuchen. Ya mkopo ina keki. Ya sadfa ndiyo nene kuliko zote, na ikiwa yako ni nyembamba, basi hukuchuja. Ya hadithi ni ya maelezo matamu yasiyo na mashahidi, kama bibi yangu alivyotuambia kakakuona ameitwa hivyo kwa kuwa wawindaji walikuwa wakiulizana, "Kaka, umemuona?" Simtupi bibi yangu, ila naye ana bahasha yake.

Usishangae bahasha zikikupa kitu hukukitafuta. Mapumziko ya kahawa huku huitwa fika. Nilicheka wiki nzima: nimefika, nafika. Sadfa, nikaandika. Baadaye nikajifunza kwamba Waswidi wa karne ya 19 walilipindua neno lao kaffi, silabi ya nyuma ikaja mbele. Na kaffi, ukilifuata hadi Uturuki na kuvuka tena, unafika kwenye qahwa ya Waarabu, mama wa kahawa yetu. Nilifuta sadfa, nikaandika ndugu wa kambo.

Ukurasa wa kaka umejaa sasa. Unaofuata nimeuandika baba, na Mbulgaria wa zamu ya usiku ameshanichanganya: kwao baba ni bibi.