Vifaranga Tumboni mwa Ndege: Joto Linavyopangwa na Wewe Ufanye Nini

Mimi ni fundi wa ndege za abiria, na wafugaji wa kuku wanaosafirisha vifaranga kwenye sehemu ya mizigo huniuliza swali moja kila mara: "Fundi, vifaranga wangu hawatakufa kwa baridi huko juu?" Hofu hiyo naielewa, maana kwenye kimo cha mita 11,000 hewa ya nje hufika nyuzi 56 chini ya sifuri. Lakini vifaranga niliowaona wakifa, walikufa kwa joto, tena ndege ikiwa haijaruka. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, Dar es Salaam. Safari ilichelewa, masanduku yakaachwa juu ya toroli juani. Nilipofunua moja, walikuwa wamelala kifudifudi, mabawa wazi, midomo wazi. Wale wa katikati ya lundo hawakupumua tena.

Kwa hiyo tuanze na mfumo wenyewe. Nachukua Airbus A320, ndege ninayoijua vizuri. Hewa huchotwa kwenye injini ikiwa imeshindiliwa na ni ya moto sana. Hupunguzwa hadi nyuzi 200 hivi, kisha huingia kwenye mitambo miwili ya kupoza tunayoiita paki. Humo hupita kwenye kitu kama rejeta ya gari, kinachopozwa na hewa ya nje. Kompresa huishindilia tena, inapozwa mara ya pili, halafu inatanuka ndani ya turbini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na hewa hiyo. Hewa iliyoshindiliwa ikitanuka ghafla hupoa sana.

Hewa hiyo ya baridi huchanganywa na ile inayorudi kutoka kwa abiria. Ndege ina kanda tatu: chumba cha marubani, mbele na nyuma. Paki hufuata kanda inayotaka baridi zaidi. Zile nyingine huongezewa hewa ya moto kidogo kidogo kupitia vali zake. Rubani huchagua kati ya nyuzi 18 na 30.

Sehemu ya mizigo ndiyo inayokuhusu. Kwenye A320 iliyofungwa mfumo huo, feni huvuta hewa ya abiria kupita sehemu ya mizigo ya nyuma, na hewa ya moto huongezwa ikihitajika. Rubani ana swichi ya kuzungusha, kuanzia nyuzi 5 hadi 26. Swichi ni moja kwa sehemu yote ile, na si kila ndege inayo. Rubani asipoambiwa kuna viumbe hai, hana sababu ya kuigusa.

Basi unapoweka nafasi, uliza: ndege ya aina gani, na sehemu ipi ina hewa na joto? Sema wazi ni vifaranga hai, wangapi. Dai waandikwe kwenye karatasi ya taarifa kwa rubani. Hili usilionee haya hata kidogo. Uliza pia wanapakiwa pamoja na nini. Samaki wabichi wanataka baridi, vifaranga hawataki. Barafu kavu isikae nao kabisa: inatoa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayowakosesha pumzi.

Chagua ndege ya usiku au alfajiri. Tumia masanduku ya matundu yenye vyumba vinne, vifaranga 25 kila chumba, na acha nafasi kati ya sanduku na sanduku, kwa sababu vifaranga wenyewe hutoa joto. Kiini cha yai kilichobaki tumboni mwao kinawalisha hadi saa 72 tangu waanguliwe; saa hizo zisiishie kwenye kusubiri, hivyo usiwapeleke uwanjani mapema mno. Simama nao kivulini mpaka wapakiwe.

Mpokeaji afike kabla ndege haijatua, afungue sanduku moja palepale. Wakiwa wamejikunyata pamoja, wana baridi. Wakihema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakiwa wametawanyika wametulia, awape maji kwanza, chakula baadaye.